Mshale ukilala chini, usishangilie

Madereva wengi wa Afrika Mashariki wameogopeshwa upande mmoja tu wa geji ya joto. Mshale ukipanda kuelekea alama nyekundu, mtu huegesha pembeni, hufungua boneti na kuanza kuulizia maji. Mshale ukilala chini kutoka Chalinze hadi Morogoro, anamshukuru Mungu kwamba gari lake halichemshi. Imani hiyo ndiyo iliyozaa tiba maarufu katika gereji zetu: gari likiletwa linachemsha, fundi anang'oa themostati, anaitupa kwenye kopo la vyuma chakavu, anarudishia mpira wa rejeta na kumwambia mwenye gari aende kwa amani. Hoja ya makala haya ni kwamba injini inayofanya kazi kwa joto pungufu ina hitilafu sawa na ile inayochemsha; tofauti ni kwamba hii huharibika polepole, bila kelele wala moshi wa kumtia mtu hofu. Na kwa kuwa mara nyingi hitilafu hiyo imeletwa na mkono wa binadamu, kuichunguza vizuri kunatulazimu pia kuuliza kwa nini themostati iling'olewa tangu mwanzo.

Tuanze na joto lenyewe. Petroli inapoungua ndani ya silinda, gesi zake hupita nyuzi joto 2,000 za Selsiasi. Nishati inayofika kwenye magurudumu ni sehemu ndogo tu ya ile iliyokuwamo kwenye mafuta. Karibu theluthi moja hutoka na moshi, na karibu theluthi nyingine hubebwa na maji yanayozunguka ndani ya injini hadi kwenye rejeta. Rejeta imepewa ukubwa wa kuiokoa injini siku ya mlima mkali, mzigo mzito na jua la saa nane mchana. Maana yake ni kwamba siku za kawaida uwezo wake unazidi mahitaji, na ikiachiwa maji muda wote itaipoza injini kupita kiasi. Themostati ndiyo inayoweka mizani. Ndani yake mna kidonge cha nta kilichofungiwa kwenye kikombe cha shaba. Nta ikipata joto hutanuka, husukuma pini, vali ikafunguka na maji yakaenda kwenye rejeta. Ikipoa husinyaa, na springi huirudisha vali mahali pake. Muundo huu wa nta, ambao Sergius Vernet aliuendeleza Marekani katika miaka ya 1930, hauhitaji umeme wala kompyuta, na ndio uliomo katika magari mengi tunayoendesha leo. Kwa injini ya 1NZ-FE, ile ya Toyota IST na Probox, vipimo vya Toyota vinataka vali ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na joto likifika 95 iwe imefunguka milimita 8.5 au zaidi. Huo ndio wigo ambao mhandisi alikusudia injini iishi ndani yake.

Kwa nini wigo huo na si nyuzi 50 au 60, ambazo zingeonekana kuwa salama zaidi? Sababu ya kwanza ni mafuta. Petroli ikiwa majimaji haiungui; kinachoungua ni mvuke wake. Ndani ya injini baridi sehemu ya petroli hubaki matone na kutanda kwenye kuta, kwa hiyo kompyuta ikisoma kwamba maji bado hayajapata moto huongeza petroli ili angalau mvuke wa kutosha upatikane. Uwiano ambao kompyuta huutafuta injini ikiwa moto, takriban sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli kwa uzito, huwekwa kando. Utaratibu huo umekusudiwa dakika chache za asubuhi, lakini injini isiyofika joto lake huishi asubuhi siku nzima. Plagi hushika masizi, moshi hunuka petroli, na masega ya ekzosi hubebeshwa uchafu ambao hayakupangiwa. Katika magari mengi ya gia otomatiki, kompyuta pia huzuia ovadraivu hadi maji yafikie joto fulani, hivyo gari linaweza kukimbia barabara kuu injini ikizunguka kwa kasi isiyo na sababu. Kadiri joto linavyokuwa chini ndivyo hasara inavyokua, na mwenye gari, akiona tanki linakwisha mapema, huanza kukilaumu kituo cha mafuta.

Sababu ya pili, na iliyo nzito zaidi, ni oili. Lita moja ya petroli ikiungua huzalisha maji yanayokaribia lita moja, yakiwa katika hali ya mvuke. Mengi hutoka kwa njia ya ekzosi, lakini kiasi hupenya pembeni mwa ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu pamoja na petroli ambayo haikuungua. Oili iliyopata moto wa kutosha huufukuza mvuke huo, nao huvutwa kurudi kuchomwa upya. Oili ya vuguvugu hubaki nao: maji huchanganyika na oili yakafanya utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha kujazia oili, kisha tope, petroli nayo huipunguza oili uzito hadi ishindwe kulainisha inavyopaswa. Si jambo jipya. Utafiti uliofanyika Uingereza katika miaka ya 1930 chini ya Taasisi ya Wahandisi wa Magari ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya kulika kwa silinda ilitokana na kutu ya tindikali zinazotonesha kwenye kuta zilizo baridi kupita kiasi. Hapa kuna mtego mwingine pia: ule utando wa maziwa, fundi mwenye haraka huweza kuusoma kama ushahidi wa gasketi iliyoungua, akafungua silinda hedi ya gari ambalo tatizo lake lilikuwa ubaridi tu.

Je, ni baridi kweli?

Uchunguzi wa maana huanza kwa kuuliza kama ugonjwa upo, kwa sababu geji ya dashibodi si kipimajoto. Watengenezaji wengi huipanga ili mshale utulie katikati joto likiwa popote ndani ya wigo mpana, wasije wakamhangaisha dereva kwa kila kupanda na kushuka kwa nyuzi tano. Kwa hiyo mshale ukionekana wazi kuwa chini ya mahali pake pa kila siku, joto halijapungua kidogo, limepungua sana. Magari madogo kama Passo na Vitz nyingi hayana geji kabisa. Yana taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi na kuzimika baada ya dakika chache za mwendo. Taa hiyo ikidumu muda mrefu, au ikizimika halafu ikawaka tena gari linaposhuka mteremko, ujumbe wake ni ule ule wa mshale uliolala. Madereva wengi huidhani ni taa ya mapambo kwa sababu rangi yake haitishi. Pia ni lazima kujua kawaida ya gari husika: zipo injini za kisasa, zikiwemo baadhi za BMW, zilizopangwa kufanya kazi nyuzi 100 na zaidi, na zipo themostati za Kijapani zinazofunguka nyuzi 76.5. Namba ile ile inaweza kuwa uzima kwa gari moja na maradhi kwa lingine.

Baada ya geji, tafuta namba. Kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari, kinachochomekwa chini ya usukani, huonyesha joto la maji kama kompyuta inavyoliona. Kipimo cha kwanza kifanyike asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa limelala usiku kucha: sensa ya maji na sensa ya hewa inayoingia kwenye injini zinatakiwa zisome karibu sawa, na karibu sawa na hewa ya nje. Kama Dar es Salaam imeamkia nyuzi 26 na sensa ya maji inadai 8, mgonjwa ni sensa, wala injini haijaguswa. Ikisoma hasi 40, mara nyingi waya umekatika au plagi ya sensa imechomoka, kwa kuwa ukinzani wa sensa hizi hupanda kadiri baridi inavyozidi, na waya uliokatika kompyuta huuona kama baridi ya mwisho kabisa. Kwa Toyota nyingi, sensa nzima huwa na takriban kilo-omu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na kati ya 0.2 na 0.4 kwenye nyuzi 80; mita ya kawaida ya fundi umeme inatosha kuthibitisha. Kisha namba ya kompyuta ilinganishwe na kipimajoto cha mwanga cha viwandani, kikielekezwa kwenye nyumba ya themostati. Katika baadhi ya magari ya zamani geji ina sensa yake yenye waya mmoja na kompyuta ina yake yenye nyaya mbili, kwa hiyo moja inaweza kudanganya huku nyingine ikisema kweli. Hatua hizi huchukua dakika chache na hazihitaji kufungua boliti hata moja, na ndizo zinazorukwa zaidi.

Upo uwezekano mmoja unaostahili kutangulizwa mbele ya yote mengine kwa sababu kuukosea ni kuua injini. Sensa ya joto hupima maji yanayoigusa. Maji yakivuja hadi yakashuka chini ya sensa, au hewa ikijikusanya mahali ilipo, sensa hubaki imezungukwa na mvuke na hewa, na mshale huweza kuanguka ghafla upande wa baridi wakati vyuma vya silinda hedi vinawaka moto. Dereva aliyefundishwa kwamba mshale chini ni salama ataendelea kukanyaga mafuta. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya injini inayoonekana baridi ni kuangalia maji, gari likiwa limezimwa na limepoa, kwenye rejeta yenyewe na si kwenye kopo la akiba peke yake. Joto lililoshuka taratibu kwa wiki kadhaa linaweza kusubiri gereji. Lililoanguka ghafla barabarani linahitaji kusimama hapo hapo.

Kuitafuta themostati

Ikithibitika kwamba maji yamejaa, sensa inasema kweli na injini ni ya baridi kwelikweli, mshukiwa anakuwa mmoja: themostati imekwama ikiwa wazi, au haipo. Mienendo ya joto barabarani itasaidia kumtambua. Injini isiyo na themostati huchelewa sana kupata moto asubuhi. Joto lake huanguka gari linapokimbia barabara kuu au kuteremka, kwa sababu upepo unaipoza rejeta bila kizuizi, halafu hupanda tena kwenye foleni. Injini yenye themostati nzima haiyumbi hivyo. Ikishafika mahali pake hukaa. Katika magari yanayojipima, kompyuta hukadiria muda ambao injini ilipaswa kupata moto, na ikichelewa huwasha taa ya injini na kuhifadhi msimbo P0128. Msimbo huo ni ushahidi mzuri, lakini kukosekana kwake hakuthibitishi uzima, maana si kila gari lina kipimo hicho na wapo mafundi wanaofuta misimbo kabla mwenye gari hajaiona.

Mkono nao ni kifaa, alimradi ujue unagusa nini. Mafundi hufundishana kugusa mpira wa juu wa rejeta baada ya kuwasha injini baridi: ukibaki wa baridi kwa dakika kadhaa halafu ukapata moto kwa mkupuo, themostati imefanya kazi; ukianza kupata uvuguvugu mapema na kupanda polepole, themostati iko wazi. Kanuni hiyo ni sahihi pale themostati inapokaa kwenye njia ya maji yanayotoka kwenye injini. Lakini injini nyingi za Toyota, ile 1NZ-FE ikiwa mojawapo, zimewekewa themostati upande wa kuingilia, kwenye mpira wa chini. Hapo mpira wa juu unaweza kupata moto mapema bila kosa lolote, na fundi asiyejua ataihukumu themostati nzima. Kwa magari hayo kinachotakiwa kubaki cha baridi hadi vali ifunguke ni mpira wa chini na sehemu ya chini ya rejeta. Kwa kweli tofauti hii ndogo inatosha kumtenganisha fundi anayechunguza na fundi anayekariri.

Hukumu ya mwisho hutolewa jikoni. Themostati ikitolewa huning'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini, kisha maji yachemshwe taratibu. Kwenye mwili wake kumegongwa namba, mara nyingi 82 kwa magari ya Japani tuliyoyazoea. Vali inatakiwa ianze kufunguka karibu na namba hiyo, ifunguke yote joto likiongezeka kwa nyuzi kumi hadi kumi na tano, na ijifunge yenyewe maji yakipoa. Ikiwa wazi kabla ya kuingia majini, kesi imekwisha. Kipimo hicho hicho kifanyiwe themostati mpya kabla ya kufungwa, iwe imenunuliwa Kariakoo, Kirinyaga Road au soko la Kisekka, kwa sababu bandia ni nyingi na boksi zuri halipimi joto. Wakati wa kufunga, kitundu kidogo chenye kipini kinachocheza kikae juu, kama maelekezo ya injini nyingi za Toyota yanavyotaka, ili hewa ipate pa kutokea. Kisha maji yajazwe na hewa itolewe kabla ya kusema kazi imekwisha.

Feni huja mwisho katika orodha hii, ingawa wengi huitaja kwanza. Ni kweli kwamba magari mengi yameunganishiwa feni moja kwa moja kwenye swichi, ikazunguka tangu asubuhi, na ni kweli kwamba klachi ya feni ya gari kubwa ikijishika hupuliza muda wote. Hata hivyo, themostati nzima inapojifunga, maji hayapiti kwenye rejeta, na feni hubaki ikipoza rejeta isiyotembeza maji. Feni inaweza kuongeza ubaya wa themostati mbovu na inakula umeme au nguvu za injini bure, lakini ni nadra sana kuwa chanzo peke yake. Anayebadilisha feni kabla ya kuipima themostati ameanzia mwisho wa kitabu.

Pingamizi, na majibu yake

Pingamizi linalosikika zaidi ni kwamba nchi yetu ina joto, na themostati ni kifaa cha nchi za theluji. Hoja hiyo inavutia hadi namba zinapowekwa mezani. Siku ya joto kali Dar es Salaam au Mombasa hewa hufika nyuzi 33 au 34. Injini inahitaji kuwa juu ya 80. Hewa hiyo tunayoiona ya moto bado iko chini ya injini kwa takriban nyuzi 50, na inatosha kuipoza kupita kiasi rejeta ikipewa maji bila mpangilio. Ushahidi mwingine uko Ghuba. Muscat na Dubai, ambako kiangazi hupita nyuzi 45, magari mapya huuzwa yakiwa na themostati, na watengenezaji wanaoyaandaa kwa ajili ya jangwa hawakuwahi kuona busara kuiondoa. Isitoshe, Afrika Mashariki si pwani peke yake. Gari linalotoka Dar asubuhi huweza kulala Njombe au Makete, na lori la Mombasa hupanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Gari moja linahitaji joto lile lile la injini katika hali zote hizo, na hiyo ndiyo kazi ambayo themostati iliundiwa.

Jibu la ndani zaidi ni kwamba kuing'oa hakutibu kuchemsha. Fikiria injini inayochemsha ikiwa na themostati nzima. Maji yamepita nyuzi 95. Vali tayari iko wazi yote. Kuiondoa kunapunguza kizuizi kidogo tu kwenye njia ya maji, na mara nyingine kunaongeza tatizo. Katika injini nyingi themostati ina kisahani cha pili ambacho, vali kuu inapofunguka, huziba njia ya mchepuko inayoyarudisha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa, mchepuko unabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupozwa. Ndiyo maana vitabu vya matengenezo vya Toyota vimeonya kwamba themostati isiondolewe hata kama injini ina tabia ya kuchemsha, kwa kuwa uwezo wa kupoza hushuka. Chanzo halisi cha kuchemsha huwa kimebaki pale pale: rejeta iliyoziba kwa kutu ya maji ya bomba, pampu ya maji iliyolika mapanga, feni isiyozunguka, gasketi inayopitisha gesi, au mfuniko wa rejeta uliochoka. Huu wa mwisho haupewi heshima yake. Maji ya wazi Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko. Mfuniko mzima wenye alama 0.9 huongeza shinikizo na kukipandisha kiwango hicho kwa karibu nyuzi 20. Fundi anayeng'oa themostati bila kupima mambo haya anafanya kama anayemshusha homa mgonjwa wa malaria na kumruhusu aende nyumbani.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni hili: themostati iliyokwama ikiwa imefungwa huua injini kwa dakika, ilhali injini isiyo nayo huumia kwa miaka, na kati ya hatari mbili, mwenye akili huchagua ya polepole. Hoja hiyo si ya kubezwa, na mtu aliyekwama katikati ya mlima Kitonga usiku, themostati ikiwa imejifunga, anafanya sawasawa akiing'oa ili afike Iringa. Lakini hatua ya dharura haigeuki kuwa matengenezo kwa sababu gari limefika. Hatari ya kukwama inapunguzwa kwa njia zinazojulikana: kulanti badala ya maji ya bomba yanayoleta kutu na magadi, themostati yenye ubora iliyopimwa kwenye sufuria, na kuibadilisha pale injini inapofunguliwa kwa kazi kubwa ya upozaji. Zaidi ya hapo, themostati inayojifunga hujitangaza kwa mshale unaopanda na taa nyekundu. Dereva ana nafasi ya kusimama. Tope la oili na silinda inayolika hazina taa. Hatari inayoonekana na kuzuilika si sawa na hasara ya hakika iliyofichika, na kwa gari dogo bei ya kifaa chenyewe kwa kawaida haifikii hata bei ya kujaza tanki.

Wapo pia watakaosema kwamba magari mengi yametembea miaka bila themostati na hayajafa. Ni kweli, na sababu yake inaeleweka. Basi linalopanda na abiria wengi kutoka Dar hadi Mbeya huchoma mafuta mengi kiasi kwamba injini inapata joto la kutosha hata bila msaada, na madhara yake huwa madogo. Gari dogo la safari fupi, linalokwenda sokoni, shuleni na kurudi, halipati bahati hiyo. Linazimwa kabla oili haijapata moto, siku baada ya siku. Dizeli inayounguruma muda mrefu ikiwa baridi nayo hutoa moshi mweupe na kuacha mafuta yasiyoungua kwenye silinda na ekzosi. Kinachofanya madhara haya yasihesabiwe ni kwamba yakifika hupewa majina mengine: ringi zimechoka, gari linakula oili, mafuta ya siku hizi si mazuri. Mficha maradhi kilio humuumbua, na hapa kilio husikika baada ya gari kubadilisha mikono mara mbili, wakati hakuna tena anayekumbuka kwamba kuna siku kifaa kiliondolewa.

Kwa hiyo anayenunua gari lililotumika hapa nchini aongeze swali moja kwenye orodha yake, na asitosheke na jibu la mdomo: aliwashe likiwa baridi, akae nalo, aone linachukua muda gani kupata moto na kama linabaki na moto huo likikimbia. Mwenye gari linalochemsha aikatae tiba ya kung'oa hadi aonyeshwe ni nini kilichopimwa: rejeta, pampu, feni, mfuniko, gasketi. Na pale dharura inapolazimisha themostati itoke, fundi aseme, aandike kwenye risiti, na apange siku ya kuirudisha. Fundi aliyeing'oa ili gari lifike gereji ametimiza wajibu wake. Aliyelikabidhi gari bila kifaa hicho, bila kusema, akalipwa kwa kazi ya kuzuia kuchemsha, amechukua hela ya tiba na kumwachia mteja ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.